Bakteria mpya wa baharini: mwongozo kamili kuanzia chupa ya maji ya Mbudya hadi jina rasmi

Mililita moja ya maji ya bahari hubeba bakteria wapatao milioni moja, na wengi wao hawana jina. Kwa hiyo kumpata bakteria mpya mbele ya Dar es Salaam si bahati nasibu. Kazi ngumu ni kuthibitisha kwamba ni mpya kweli, maana upya hauonekani kwa macho. Koloni, yaani kichuguu kidogo cha bakteria waliokua pamoja kwenye sahani, lenye rangi ya ajabu linaweza kuwa la spishi iliyopewa jina zamani, na koloni jeupe lisilovutia likawa la jenasi nzima isiyojulikana. Upya huthibitishwa kwa kulinganisha tu. Nao ulinganisho hausimami bila sampuli yenye kumbukumbu kamili na bakteria aliye safi, asiyechanganyika na mwingine.

Nawaandikia wanafunzi wa uzamili na mafundi wa maabara wenye otoklevu, inkubeta, hadubini na mashine ya PCR, ile ya kunakili DNA. Usomaji wa DNA na baadhi ya vipimo vya kemia vitalipiwa kwingine, na hilo halipunguzi thamani ya kazi yako.

Karatasi kabla ya chupa

Visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, mbele ya Dar es Salaam, ni maeneo tengefu ya bahari, hivyo kuchota sampuli huko kunahitaji ruhusa ya Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Kibali cha utafiti huombwa kwa Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, pale Kijitonyama. Haya watu wengi wanayajua. Wanalosahau ni kwamba bakteria mpya hatambuliwi kimataifa mpaka kielelezo chake, yaani ile aina hai ambayo jina limefungwa kwake, kiwekwe kwenye benki za vijidudu za nchi mbili tofauti, na benki hizo ziruhusiwe kumpa mtafiti yeyote atakayemwomba. Kibali kinachosema sampuli zitatumika na taasisi yako peke yake kitakukwamisha mwishoni, baada ya gharama zote. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu rasilimali za kijenetiki, inataka makubaliano ya kugawana manufaa yafanyike na nchi yenye rasilimali. Basi lizungumze suala la benki mwanzoni kabisa, na liandikwe.

Kuchota maji

Fikiria kwanza unatafuta bakteria wa aina gani. Ukichota karibu na daraja la Selander, Mto Msimbazi unakuletea maji ya mji mzima, na wakati wa masika maji hayo ya matope husambaa mbali hadi chumvi ya bahari inashuka. Utaotesha bakteria wa utumbo na wa udongo kwa wingi. Anayechunguza uchafuzi atafurahi, lakini anayetaka bakteria wa bahari hasa atapoteza sahani zake. Mimi napendekeza mkondo wa nje ya Mbudya, asubuhi, maji yakiwa yanajaa, kwa sababu wakati huo bahari ya nje ndiyo inayoingia. Maji yakipwa, unachota yale yanayotoka kwenye mikoko na fukwe.

Chupa ya lita moja ipitishwe kwenye otoklevu. Ichovye upande wa mbele wa boti, mbali na mashine na mafuta yake. Ishike mdomo ukiwa chini, iteremshe mpaka maji yafike karibu na kiwiko, kisha igeuze uielekezee mkondo unapotoka, ili maji yaliyogusa mkono wako yasiingie. Utando wa juu wa maji una bakteria wake wa pekee, na ndiyo sababu tunaupita. Acha nafasi ndogo ya hewa, funga, weka kwenye deli lenye barafu. Chupa isilale juu ya barafu yenyewe: tandika gazeti au kitambaa katikati, maana unataka maji yapoe bila kuganda. Yafike maabara ndani ya saa sita.

Ukiwa bado botini, andika kwa penseli: majira ya GPS, tarehe na saa, kina, joto la maji, chumvi, pH, hali ya maji kujaa au kupwa, upepo ni kaskazi au kusi, na mvua ya siku zilizotangulia. Kumbukumbu hizi haziwezi kutengenezwa baadaye, na jarida litaziuliza.

Chakula cha kuoteshea

Fomula inayotumika duniani kote kwa bakteria wa baharini inatokana na kazi ya Claude ZoBell wa Marekani, ya mwaka 1941. Ukinunua unga wa tayari uitwao 2216, unapima gramu 55.1 kwa lita. Ni ghali, na si lazima. Chuja maji ya bahari, yakae gizani wiki chache, kisha changanya mililita 750 za maji hayo na mililita 250 za maji yaliyotoneshwa, peptoni gramu 5, dondoo ya hamira gramu 1, chembe ndogo ya chumvi ya chuma na agari gramu 15. Rekebisha pH ifike 7.6, kisha otoklevu nyuzi 121 kwa dakika 15. Usishtuke ukiona ukungu mweupe chini ya chupa, ni chumvi za bahari zinazoganda kwa joto. Kwa ulinganisho wa mwisho, hata hivyo, utahitaji unga wa tayari, kwa kuwa maabara nyingine zote zinautumia huo.

Tengeneza pia fungu la pili lenye peptoni na hamira sehemu moja ya kumi tu. Bahari ya nje ni maskini wa chakula, na bakteria waliozoea njaa hushindwa kukua penye shibe. Kikundi cha SAR11, ambacho ni miongoni mwa viumbe wengi kuliko wote baharini, kilijulikana kwa DNA yake tangu 1990, lakini kilioteshwa maabara kwa mara ya kwanza mwaka 2002, tena ndani ya maji ya bahari yaliyosafishwa bila karamu yoyote. Kama una nafasi ya kutengeneza chakula cha aina moja tu, chagua hiki cha kimaskini.

Mimina sahani agari ikiwa imepoa kufikia nyuzi 50 hivi, ziache zigande, zigeuze chini juu na zikauke usiku mmoja. Unyevu wa Dar es Salaam ni adui hapa, kwani tone moja la maji kwenye kifuniko likidondoka litasambaza koloni moja sahani nzima.

Kuotesha na kusubiri

Punguza sampuli kwa hatua za kumi: mililita moja ndani ya mililita tisa za maji ya bahari yaliyo safi. Usitumie maji matupu yaliyotoneshwa, maana seli zilizozoea chumvi zitavimba na kupasuka. Tandaza mililita 0.1 ya kila hatua kwenye sahani tatu tatu, na uweke sahani moja isiyopandwa kitu iwe shahidi wa usafi wa kazi yako.

Nyuzi 28 zinatosha, nazo ziko karibu na joto la bahari yetu. Chumba cha kawaida kinaweza kutumika ila si chini ya bati mwezi wa Februari. Zungushia sahani plastiki laini zisikauke, kwa kuwa utazisubiri hadi wiki nne.

Hesabu sahani zenye makoloni 30 hadi 300. Ukipata 42 kwenye sahani ya upunguzaji wa mara kumi, una 42 × 10 ÷ 0.1, yaani seli 4,200 kwa mililita zilizokubali kukua. Zilinganishe na ile milioni moja inayoonekana kwa hadubini ya rangi za kung'aa, utaona jinsi sahani inavyotuonyesha sehemu ndogo mno ya bahari.

Siku mbili za mwanzo watatokea wenye haraka: Vibrio, Pseudoalteromonas na jamaa zao. Wapo Vibrio wanaotambaa na kufunika sahani nzima, na kuongeza agari hadi gramu 20 kwa lita huwapunguza kasi. Kila siku weka alama ya kalamu nyuma ya sahani kwenye kila koloni jipya, kwa rangi tofauti kwa kila wiki. Makoloni ya wiki ya pili na ya tatu, madogo kama ncha ya pini, ndiyo ya kuyapa kipaumbele.

Usalama nao. Vibrio cholerae huishi kwenye maji ya pwani, na Vibrio vulnificus huingia kupitia kidonda. Vaa glavu, usinuse sahani, usile maabara, na kila sahani ipite otoklevu kabla ya kutupwa.

Usafi wa bakteria

Hapa ndipo tafiti nyingi huharibika kimyakimya, ndiyo maana nitakaa hapa kidogo.

Gusa koloni moja kwa lupu, lichore kwenye sahani mpya kwa mistari inayozidi kufifia, likue, kisha chagua koloni lililojitenga na urudie. Mara tatu ndicho kiwango cha chini, na kwa bakteria wa baharini mara tano hazijazidi. Wengi wao hutoa ute, na ndani ya ute huo bakteria mwingine hujificha akasafiri naye sahani hadi sahani bila kuonekana. Tazama koloni kwa lenzi ya mkono, taa ikimulika kutoka pembeni. Koloni safi lina ukingo wa namna moja kuzunguka lote. Ukiona upande mmoja una kivuli, au kitovu chenye rangi tofauti ambacho kwenye sahani nyingine hakipo, bado wako wawili. Chora tena kwenye chakula cha kimaskini, kwa sababu aliyejificha mara nyingi hujitokeza mwenzake anapokosa nguvu.

Kisha paka kidogo kwenye kioo, rangi ya Gram (inayogawa bakteria kuwa chanya au hasi), hadubini mara 1,000 kwa mafuta. Seli za maumbo mawili zisikupe usingizi mpaka ujue sababu.

Tazama pia agari yenyewe. Wakati mwingine koloni linazama. Ukiinamisha sahani unaona kishimo, kama kidole kimebonyeza, na ukimwagia ayodini kishimo kinazungukwa na duara angavu huku agari nyingine ikiwa kahawia. Huyo anakula agari, sukari inayotokana na mwani mwekundu, na ni dalili ya maisha ya karibu na mwani. Si uthibitisho wa upya, ila ni sifa ya kuandika siku hiyohiyo.

Akishakuwa safi, mpe namba isiyobadilika, tuseme MB-12, na umhifadhi kwenye gliseroli asilimia 20 iliyochanganywa na chakula cha maji cha bahari, nyuzi 80 chini ya sifuri. Testi tyubu zisikae friza moja. Weka nakala kwenye jengo lingine lenye jenereta tofauti, maana umeme ukikatika usiku wa Ijumaa hakuna atakayejua hadi Jumatatu.

Kwa maoni yangu, aina kumi zilizosafishwa vizuri zina thamani kuliko mia mbili zilizoandikwa haraka.

Jeni ya 16S

Carl Woese alionyesha mwaka 1977 kwamba RNA ya ribosomu inaweza kupanga viumbe kwa nasaba, na mpaka leo jeni ya 16S, inayobeba maagizo ya RNA hiyo, ndiyo mlango wa kwanza. Ina herufi 1,500 hivi. Chemsha koloni kidogo ndani ya maji safi dakika kumi, zungusha kwenye sentrifuji, maji ya juu yana DNA ya kutosha. Praima za kawaida, yaani vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia nakala, ni 27F na 1492R. Nyuzi 95 kwa dakika tano, kisha mizunguko 30 ya 95, 55 na 72, mwisho dakika kumi za 72. Kwenye jeli unataka mstari mmoja mkali wa herufi 1,500.

Tuma isomwe kutoka pande zote mbili. Majibu yakirudi, fungua grafu zenyewe kabla ya kusoma herufi. Vilele viwili mahali pamoja mfululizo huashiria kwamba bakteria hajawa safi, na unarudi kwenye sahani. Kata ncha zenye fujo, unganisha pande mbili, hakikisha una zaidi ya herufi 1,400. Kipande cha 700 hakitoshi kudai spishi mpya.

Linganisha kwenye EzBioCloud, hazina ya mtandaoni ambako kuna vielelezo vyenye majina. Ukitumia BLAST, kitafutio cha hazina ya mifuatano ya DNA iitwayo GenBank, jihadhari: majibu ya juu huwa ni mifuatano isiyo na jina, au yenye jina alilobandika mtu bila ushahidi. Chagua kulinganisha na vielelezo pekee.

Kufanana chini ya asilimia 98.7 na jirani wa karibu kunampa MB-12 sifa ya kuwa mgombea wa spishi mpya. Chini ya asilimia 94.5 hivi, anza kufikiria jenasi mpya. Ila usigeuze kipimo hiki upande wa pili. Kundi la Vibrio harveyi lina spishi zinazofanana kwa zaidi ya asilimia 99 kwenye 16S na bado ni spishi tofauti. Kufanana sana maana yake ni kwamba 16S imefika mwisho wa uwezo wake.

Chora mti wa nasaba kwa programu kama MEGA, kwa njia mbili tofauti, hesabu ikirudiwa mara 1,000, ukiweka vielelezo vyote vya jenasi hiyo na jamaa mmoja wa mbali. Matawi yakihama kila ukibadilisha njia, usiyategemee.

Jenomu

Jenomu, yaani DNA yote ya bakteria, ndiyo inayoamua siku hizi. Kanuni ya zamani, ya mwaka 1987, ilitaka DNA za bakteria wawili zishikamane kwa asilimia 70 au zaidi ili wahesabiwe spishi moja. Leo kompyuta hukadiria kipimo hichohicho kutoka kwenye jenomu, na mpaka umebaki 70. Kipimo cha pili ni wastani wa kufanana kwa herufi, ANI, chenye mpaka wa asilimia 95 hadi 96. Mgombea wako lazima awe chini ya mipaka yote miwili dhidi ya kila jirani wa karibu.

Jenomu isomwe angalau mara 50 kwa kila herufi. Ipitishe kwenye programu ya CheckM kuona ukamilifu na uchafuzi. Kisha chopoa 16S kutoka ndani ya jenomu na uilinganishe na ile uliyosoma mwanzo. Zisipolingana, kuna testi tyubu zilizobadilishana mahali fulani, na bora uligundue wewe kuliko mhakiki wa jarida. Tovuti ya TYGS ya Ujerumani hupokea jenomu na kurudisha vipimo pamoja na mti bila malipo.

Tabia za bakteria hai

Agiza mapema vielelezo vya majirani wawili au watatu kutoka benki za vijidudu, kwani kibali cha kuviingiza na usafiri huchukua muda. Viotesha sambamba na MB-12: chakula kilekile, joto lilelile, siku zilezile. Kunakili namba kutoka makala za wengine hakukubaliki kwa sifa zinazobadilika kwa mazingira.

Pima kukua kuanzia nyuzi 4 hadi 45, pH 5 hadi 10, na chumvi kuanzia sifuri. Jaribio la chumvi sifuri litengenezwe kwa uangalifu, kwa kuondoa sodiamu yote na si chumvi ya mezani pekee, kwa sababu bakteria wa kweli wa bahari huihitaji sodiamu na hilo ndilo unalotaka kulionyesha. Katalesi kwa haidrojeni peroksaidi asilimia 3, oksidesi kwa karatasi yake, mwendo kwa tone la kuning'inia. Potasiamu haidroksaidi asilimia 3 ikivuta uzi wa ute, Gram ni hasi. Ukitumia vifaa vya API, yaani visanduku vya tayari vya vipimo vya kemia, seli zichanganywe kwenye maji ya chumvi ya bahari, la sivyo visanduku vingi vitabaki bila jibu na utadhani ni majibu hasi. Asidi za mafuta, kwinoni na lipidi zipimwe kwenye maabara maalumu, zote kutoka seli za umri mmoja.

Jina na benki

Majina ya bakteria yanatawaliwa na kanuni za kimataifa, na hesabu yao ilianza upya tarehe 1 Januari 1980. Tafuta kwanza kwenye LPSN, orodha ya mtandaoni ya majina ya bakteria, kama jina ulilolichagua halijachukuliwa. Jina liwe la Kilatini, na la spishi likubaliane kijinsia na la jenasi. Jina la mahali huchukua kiambishi -ensis au -ense. Usimpe bakteria jina lako mwenyewe. Muulize mtu anayejua Kilatini kabla ya kutuma, kosa dogo hudumu miaka.

Peleka MB-12 kwenye benki mbili: DSMZ ya Ujerumani, JCM ya Japani, KCTC ya Korea Kusini, LMG ya Ubelgiji na CECT ya Hispania zinajulikana sana. Kila moja itamwotesha yenyewe na kusoma 16S kabla ya kutoa cheti, kwa hiyo tarajia miezi. Vyeti hivyo, namba za GenBank za 16S na jenomu, na maelezo kamili ya spishi ndivyo vinavyoingia kwenye makala. Jarida rasmi ni IJSEM. Ukichapisha kwingine, tuma makala na vyeti kwao ili jina liingizwe kwenye orodha yao ya uthibitisho, maana bila hivyo halihesabiki.

Asiyeoteka, ambaye una jenomu yake tu, ana njia nyingine tangu 2022: SeqCode, kanuni nyingine za majina, ambayo inakubali jenomu kuwa kielelezo.

Pamoja na benki za nje, acha testi tyubu tano au sita za MB-12 kwenye friza ya chuo chako, zikiwa na nakala ya daftari la botini. Atakayekuja baada yako kuchunguza dawa au vimeng'enya ndani ya bakteria wa Mbudya asilazimike kuwaagiza kutoka Ulaya.